Baraza la Thimlich Ohinga Kuhusu Vita vya Armenia

Armenia ya kale ilikuwa nchi ya milima mirefu na mabonde yenye malisho, iliyokaa katikati ya watu wasiotulia. Kusini walikuwapo Waseleuki wa Siria, mashariki Waparthi, na kaskazini-magharibi ufalme wa Ponto. Warumi walifika baadaye kutoka magharibi, na wakifika mahali hawana haraka ya kuondoka. Anayeichagua nchi hiyo katika mchezo wa vita vya kale hupewa miji michache, hazina nyembamba na majirani wenye njaa. Ni chaguo la mtu mwenye kiburi au mwenye subira, na walio wengi ni wa aina ya kwanza.

Namna ya kuicheza Armenia ilichambuliwa kwa kina Thimlich Ohinga, katika kaunti ya Migori, kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, kuelekea upande wa Homa Bay. Wajumbe walikuwa watano. Mwenyekiti alikuwa Bao, yaani zile safu za vishimo zilizochongwa kwenye mwamba ili watu wacheze ajua. Wengine walikuwa Ukuta wa boma la Kochieng. Punda mbeba maji. Mjusi mwenye kichwa chekundu, ambaye hutikisa kichwa hata asipoulizwa. Na Simu ya kijana mmoja aliyelala chini ya mti, kioo kikiwa kimepasuka na mchezo umeachwa wazi. Hakuna aliyelipwa posho, jambo linaloeleza kwa nini kikao kilimalizika siku hiyohiyo.

Simu ndiye aliyefungua mjadala. Alisema kazi imekwisha: amenunua wapanda farasi wenye deraya, mtu na farasi wamefunikwa chuma toka utosini hadi kwatoni, na baada ya zamu chache atakuwa Roma.

"Hongera, nyakwara, mjukuu wangu," Bao alisema. "Una mashamba mangapi?"

"Mashamba? Jaduong', mzee wangu, huu ni mchezo wa vita."

"Na barabara? Na soko?"

"Nitajenga nikishashinda."

Mjusi alitikisa kichwa kwa nguvu. Punda akauliza ni nani anayebeba shayiri ya farasi hao, maana farasi aliyevaa chuma hula kama harusi nzima. Simu alijibu kwamba katika mchezo shayiri haibebwi na mtu, inakatwa tu kwenye hazina kila zamu. Punda alinyamaza kwa heshima, kisha akasema kwamba sasa ameelewa kwa nini vijana wanaupenda mchezo huo.

Hapo ndipo kosa la kwanza la wachezaji wa Armenia lilipowekwa mezani. Kikosi cha farasi wenye deraya hugharimu fedha nyingi kukinunua na fedha nyingine kukitunza hata kikiwa kimekaa bure. Nchi yenye miji miwili ikinunua vikosi vitatu vya namna hiyo hubaki na jeshi la kupendeza na hazina yenye deni. Bao alilinganisha jambo hilo na msimu wa uchaguzi, pale mgombea anapokodi magari makubwa thelathini ya msafara kabla hajajua atalipa vipi mawakala wa vituo vya kura. Msafara unapita, vumbi linatua, na siku ya kuhesabu kura hakuna mtu wake aliyekaa karibu na sanduku. Mjusi alitikisa kichwa tena, na ikabainika kwamba aliwahi kutikisa vivyo hivyo mbele ya msafara wenyewe.

Ushauri uliotolewa ni huu: katika zamu za mwanzo, fedha iende kwenye mashamba, barabara, soko na machimbo, na jeshi liwe la watu wa bei nafuu. Wapiga mishale waliopanda farasi watoshe. Hao hawavutii machoni, lakini hupiga wakikimbia, na adui anayewafukuza huchoka kabla ya kuwafikia. Wana kasoro moja. Mchezaji mvivu anayebonyeza kitufe ili kompyuta iamue vita kwa hesabu, badala ya kuviongoza mwenyewe, huwapoteza ovyo, kwa sababu hesabu hiyo hupima uzito wa pigo kuliko ujanja wa kukwepa. Simu alikiri kwamba mwenyewe hubonyeza kitufe hicho kila mara chaji inapopungua.

"Na chaji hupungua lini?" Bao aliuliza.

"Kila mara, Jaduong'."

Baada ya hapo Ukuta aliomba nafasi, na kwa kuwa ndiye mwenye uzoefu wa ulinzi kuliko wote, hakukatizwa. Alianza kwa kujitambulisha, kama wafanyavyo wazee wote wanapoulizwa swali fupi. Yeye ni wa karne ya 16, au hapo karibu. Amepangwa kwa mawe ambayo hayakuchongwa na hayakushikanishwa kwa udongo wala saruji. Upande wa nje una mawe makubwa yaliyopangwa kwa ustadi, upande wa ndani vilevile, na katikati yamejazwa mawe madogo yanayofunga pande hizo mbili zisiachane. Urefu wake hutofautiana kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene ni kati ya mita 1 na 3. Ndugu zake katika eneo hilohilo ni Kakuku, Koketch na Koluoch, na katika nchi iliyokuwa ikiitwa Nyanza Kusini kuna maboma ya mawe zaidi ya mia tano. Alitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1981, na mwaka 2018 UNESCO ikamwingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

"Mzee, tulikuwa Armenia," Punda alikumbusha.

"Niko hukohuko," Ukuta alisema. "Tazama lango langu. Ni la chini. Anayeingia lazima ainame, na anayeinama hutanguliza kichwa. Mkuki wake unakuwa chini, macho yake yanatazama ardhi, na mwenzake wa nyuma hamwoni aliyesimama ndani akimsubiri. Waje mia, waje elfu, wanaoingia kwa wakati mmoja ni mmoja."

Simu alisema kwamba katika mchezo hakuna malango ya kuinama. Ukuta alimjibu kwamba kuna njia za milimani, na kuna madaraja. Armenia ni nchi ambayo majeshi makubwa hulazimika kupita mahali pembamba. Mchezaji akiweka kikosi cha mikuki kwenye daraja na wapiga mishale nyuma yake, wingi wa adui unageuka kuwa msongamano. Kumfuata adui huyohuyo kwenye uwanda wa Siria, ambako anaweza kujipanga apendavyo, ni kumkaribisha azunguke kwa nyuma. Ukuta aliongeza kwamba waliomjenga hawakuwa waoga. Walikuwa na ng'ombe, na mwenye ng'ombe hupima ushujaa kwa idadi inayorudi zizini jioni. Ng'ombe walilala ndani, na mafundi wa chuma nao walikuwa na mahali pao pa kufulia kwenye eneo hilohilo, kwa hiyo zana hazikuagizwa mbali. Mali na silaha vikishakuwa karibu na lango, vita vilivyobaki ni vya adui kujisumbua.

Simu hakuridhika. Alisema ulinzi hauna utukufu, na akamtaja Tigrane wa Pili, mfalme aliyetawala Armenia kuanzia mwaka 95 hadi 55 KK, ambaye hakukaa nyuma ya lango. Hoja hiyo ilikuwa nzuri kuliko Simu mwenyewe alivyojua, na ndiyo iliyochukua sehemu kubwa ya mchana.

Tigrane aliishi mateka kwa Waparthi. Aliachiliwa akarithi kiti, na bei ya kuachiliwa kwake ilikuwa mabonde sabini ya nchi yake. Mchezaji wa kawaida angeona aibu kutoa hata kijiji kimoja. Tigrane alitoa, akapumua, akamwoa binti wa Mithridate wa Ponto ili mpaka wa kaskazini-magharibi utulie, na Waparthi walipopata matatizo yao wenyewe akayarudisha mabonde yote na kuongeza mengine. Mwaka 83 KK akaichukua Siria bila jasho jingi, kwa kuwa Waseleuki walikuwa wamemalizana wao kwa wao. Bao alisema hadi hapo mfalme huyo alicheza kama mzee wa ajua: aliacha kete chache ziliwe mapema, akangoja kishimo cha mwenzake kijae, kisha akala.

"Kwa hiyo nashambulia!" Simu alisema.

"Ngoja nimalize. Alishiba."

Aliposhiba alijijengea mji mkuu mpya, Tigranokerta, ukibeba jina lake. Aliujaza watu kwa nguvu, akiwahamisha kutoka miji aliyoiteka, wakiwemo Wagiriki wengi ambao hawakuwa wameomba kuhama. Mwaka 69 KK jenerali wa Kirumi, Luculo, aliingia Armenia. Mwandishi wa kale Plutarko anasimulia kwamba mjumbe wa kwanza aliyempelekea Tigrane habari hiyo alikatwa kichwa. Baada ya hapo watu waliogopa kuleta habari mbaya ikuluni, na mfalme akaendelea kufurahi huku adui akikaribia. Hatimaye majeshi yalipoonana, Tigrane aliwatazama Warumi akatania kwamba wakiwa wamekuja kama ujumbe ni wengi mno, na wakiwa wamekuja kupigana ni wachache mno.

Baraza lilimgeukia Mjusi. Mjusi alitikisa kichwa, akagundua kinachosemwa, akaacha.

"Swali langu ni hili," Punda alisema. "Kwenye mchezo wako, ndugu Simu, nani hukuletea habari mbaya?"

Simu alieleza kwamba kuna wapelelezi, ambao ni rahisi kununua, na huonyesha majeshi ya jirani kabla hayajavuka mpaka. Yeye hajanunua hata mmoja. Fedha zilikwenda kwenye deraya. Isitoshe, arifa nyingine zote amezizima, kwa sababu zilimkatiza alipokuwa akicheza. Ikiwemo ile ya salio la bando.

Vita vyenyewe vilikuwa vifupi. Wapanda farasi wenye deraya wa Tigrane walikuwa wamepangwa chini ya kilima. Luculo alivuka mto, akapanda kilima hicho na askari wa miguu, akawashukia kutoka juu na ubavuni, akiwaagiza watu wake wapige miguu na mapaja, mahali ambapo chuma hakikufika. Farasi wazito hawakuwa na nafasi ya kushika kasi. Waligeuka, na walipogeuka wakawakanyaga askari wao wenyewe waliokuwa nyuma. Mji mkuu mpya haukudumu: Wagiriki waliohamishwa kwa nguvu waliwasaidia Warumi kuingia. Miaka mitatu baadaye, mwaka 66 KK, Tigrane alijisalimisha kwa jenerali mwingine wa Kirumi, Pompei, akalipa talanta elfu sita na kuachiwa Armenia yenyewe, bila Siria.

Ukuta alipenda sana sehemu ya Wagiriki. Alisema yeye alijengwa na watu waliokusudia kulala ndani yake, na waliokuja baada yao, wa koo na lugha tofauti, walimrekebisha kwa sababu hiyohiyo, karne hadi karne, mpaka katikati ya karne ya 20. Jiwe likianguka usiku, asubuhi lilirudishwa na mtu ambaye ndama wake walikuwa ndani. Mji uliojazwa watu kwa amri una kuta nzuri, ila hauna anayerudisha jiwe. Katika mchezo jambo hilo huonekana kama kiwango cha utulivu wa raia, tarakimu ndogo pembeni ya jina la mji, na kwa kuwa ni ndogo wachezaji hawaisomi hadi uasi utokee. Mji wa mbali ulioutwaa upunguziwe kodi mwanzoni, ujengewe kitu ambacho wakazi wake wanakihitaji, na askari wasiondolewe kabla haujatulia. Kama haiwezekani kufanya hayo, ni afadhali kutoutwaa kabisa.

Kuhusu kujenga mji mkuu mpya, Punda alikuwa na neno kutoka barabarani. Alisema ameona mawe ya msingi mengi, yamepakwa rangi nyeupe, yana bamba la jina la aliyeyaweka na tarehe. Yeye huyatumia kujikuna. Hakutaja la nani wala liko wapi, na mwenyekiti aliamuru isiandikwe.

Diplomasia ilipita haraka. Armenia haiwezi kupigana na Roma na Waparthi kwa wakati mmoja, na jambo hilo halihitaji baraza. Mmoja lazima awe rafiki, hata wa uongo, na rafiki huyo abadilishwe kwa wakati. Mfano uliotolewa ulitoka ziwani, kwenye kisiwa cha Migingo, mwamba usiofika hata nusu hekta uliojaa mabati na wavuvi. Kenya inauhesabu kuwa wa Migori, na polisi wa Uganda walikaa juu yake. Mwaka 2009 Rais Museveni alikubali kwamba mwamba ni wa Kenya, lakini maji yanayouzunguka akasema ni ya Uganda. Samaki aina ya mbuta hawakuhojiwa, na mbuta ndio sababu ya ugomvi wote. Bao alisema anayecheza Armenia aweke hilo akilini: wakubwa wawili wakikubaliana juu ya nchi yako, soma kwa makini nani amepewa jiwe na nani amepewa samaki.

Kutoka upande wa Homa Bay ulitajwa pia mfano wa Gor Mahia wa Kanyamwa, mganga mashuhuri aliyefariki mwaka 1920, ambaye klabu ya soka ilikuja kuchukua jina lake mwaka 1968. Masimulizi yanasema maofisa wa Kiingereza walipomfuata waliambulia kuona mzee dhaifu asiye na maana, kwa kuwa alijua kujibadilisha. Ukuta hakutaka kuingia katika suala la dawa. Alichosema ni kwamba kujibadilisha mbele ya mwenye bunduki ni mbinu, na Armenia iliitumia mara nyingi kuliko ilivyotumia farasi.

Simu aliuliza ni lini iliitumia. Akajibiwa kwa habari ya Artavasde, mwana wa Tigrane. Mwaka 53 KK Kraso, tajiri wa Roma, alikuwa safarini kuwapiga Waparthi. Artavasde alimshauri apite katika milima ya Armenia, ambako wapanda farasi wa Waparthi wasingekuwa na uwanja wa kukimbia, na akamwahidi askari. Ulikuwa ushauri sahihi, wa bure, kutoka kwa mwenyeji. Kraso aliukataa, akavuka mto Frati akashika uwanda, akaangamizwa karibu na Harani, mji uleule ambao Biblia inasema Abrahamu aliwahi kukaa. Mfalme wa Waparthi alikuwa wakati huohuo ameingia Armenia. Artavasde hakubishana, alifanya amani akamwozesha dada yake kwa mwana wa mfalme huyo. Plutarko anaeleza kwamba kichwa cha Kraso kilifikishwa wakati wakuu hao wakitazama mchezo wa kuigiza wa Kigiriki, na mwigizaji akakitumia jukwaani.

"Jukwaani?" Punda aliuliza.

"Jukwaani."

Punda alisema kwamba kwa mara ya kwanza ameshukuru kuzaliwa punda.

Simu alidhani hapo ndipo mwisho mzuri wa hadithi, na akapendekeza Armenia imfuate Artavasde daima. Ukuta alimkatalia. Artavasde alirudia ujanja uleule mwaka 36 KK, alipoandamana na jenerali wa Kirumi Marko Antoni kwenda kuwapiga Waparthi kisha akaondoa wapanda farasi wake mambo yalipoharibika. Antoni hakusahau. Mwaka 34 KK alimwita mfalme huyo kwa maneno matamu, akamkamata, akampeleka Aleksandria akiwa amefungwa minyororo, na baadaye akauawa huko. Mbinu ya kubadili marafiki ina hesabu yake: hufaa mara moja kwa kila rafiki.

Wakati huo chaji ya Simu ilikuwa imebaki kidogo, na kwenye kioo jeshi jekundu la Waparthi lilikuwa limesimama nje ya mji wa Artashati, ambao wachezaji wengi huujua kwa jina la Artaksata. Hakuna mpelelezi aliyekuwa ameliona likija. Wapanda farasi wenye deraya walikuwa mbali, njiani kuelekea Roma, wamekatiwa mshahara. Simu aliomba baraza limpe agizo la haraka.

Mjusi alitikisa kichwa. Alipoulizwa anakubaliana na lipi, alisema anakubaliana na yote.

Bao alitoa uamuzi, nao ukaafikiwa na baraza zima isipokuwa kijana aliyelala. Anayeanza na Armenia ajenge mashamba na soko kabla ya kununua chuma. Anunue mpelelezi kabla ya farasi wa pili. Ashike madaraja na njia za milimani, na asivuke Frati mpaka hazina imudu majeshi mawili, moja la kwenda na moja la kubaki. Apatane na Waparthi au na Warumi, asipatane na wote wawili kwa maneno yaleyale. Mji mkuu autumie uleule alioukuta. Na kuhusu mchezo uliokuwa kwenye kioo, uamuzi ulikuwa kwamba Artashati umeshakwenda. Simu arudi kwenye nakala aliyoihifadhi, kama alihifadhi.

Hakuwa amehifadhi.